Kiboko na Ustawi

Ipo hoja moja isiyo na haya, na kwa kuwa haina haya hupokewa kama mgeni wa heshima katika baraza za watu wenye elimu. Husema kwamba utumwa ulikuwa mbaya, na utawala wa wageni ulikuwa mkali, lakini bila ya mambo hayo mawili taifa letu lisingalikuwako. Nani angaliunganisha makabila zaidi ya 120? Nani angalijenga reli? Nani angalitupa lugha moja? Damu ilimwagika, ndiyo, lakini mavuno tunayala sisi, na si adabu ya mlaji kulitukana jembe. Nimeisikia hoja hii penye chakula, nimeisikia garini, na nimeisoma katika karatasi za mitihani. Wanaoisema si watu waovu. Wengi wao hawana moyo wa kumpiga hata punda.

Mimi nasomesha Kiswahili, na kwa mtu wa kazi yangu hoja hii ina makali kuliko kwa wengine. Mwalimu wa hesabu aweza kuipisha ipite zake. Kwangu mimi hurudi kila mwaka, maana kila mwaka hufika somo la kuenea kwa Kiswahili, na katika somo hilo hapana budi kusema yaliyo kweli: kwamba lugha hii ilipanda bara kwa njia za misafara ya pembe na ya watumwa, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, kwamba Wajerumani walipoitwaa nchi waliikuta lugha hii tayari vinywani mwa watu, wakaifanya lugha ya maboma, ya maakida na ya majumbe, kwamba shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga mapema katika miaka ya 1890 ilitoa makarani walioiandika kwa herufi za Kizungu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, kijana mwenye akili na staha, aliinua mkono mwisho wa somo hilo akasema, "Basi, Mwalimu, hapana budi tukubali kwamba waliokamatwa walikamatwa kwa faida yetu." Darasa lilinyamaza. Hakusema kwa ubishi. Alifuata hatua za somo mpaka alipoona mlango, akausukuma.

Mlango ule naujua, kwa kuwa uko nyumbani kwetu. Bibi yake bibi yangu mzaa mama aliletwa Kilwa Kivinje akiwa mtoto, kwa miguu, kutoka pande za Ziwa Nyasa. Katika miaka ya 1860 sehemu kubwa ya watumwa waliovushwa kwenda Unguja walipitia Kilwa. Yeye, yamkini kwa sababu ya udogo wake, aliuzwa papo hapo hakuvushwa. Pwani watu wa namna yake waliitwa Wanyasa, kama kwamba ziwa ndilo lililowazaa. Jina alilojulikana kwalo lilikuwa jina la siku ya juma. Jina alilopewa na mama yake halikutufikia. Watoto wake waliitwa wazalia, wajukuu wakaitwa Waswahili, na mmoja katika vilembwe vyake amepewa shahada ya udaktari kwa kuandika juu ya lugha ambayo yeye alijifunza kwa kutumwa maji.

Kwa hesabu ya mwanafunzi wangu, basi, mimi ndimi faida. Lau mtoto yule asingaliibwa, mimi nisingalizaliwa; na kwa kuwa napenda kuwa hai, yanipasa niuone na wizi ule kuwa ulikuwa na kazi yake. Ni kweli kwamba nisingalizaliwa. Lakini watu wawili waliokutana ufukweni baada ya chombo chao kuvunjika, wakaoana, wakazaa, hawamfungi mtoto wao deni la kuisifu tufani. Kutokea baada ya jambo, kutokea kwa sababu ya jambo, na kutowezekana bila ya jambo ni habari tatu mbalimbali. Hoja ya kiboko huishi kwa kuzichanganya. Huonyesha ya kwanza, hudai ya pili, na kabla msikilizaji hajameza mate imekwisha kutoza ushuru wa ya tatu.

Tuitazame lugha yenyewe. Kiswahili hakikuzaliwa sokoni kwa watumwa. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, ukiwa na sanaa iliyokwisha kukomaa, zaidi ya miaka mia moja kabla ya enzi kuu ya mashamba ya mikarafuu ya Unguja. Na huko bara, mtu aliyekipeleka Kiswahili mbali kuliko wote alikuwa mpagazi. Wanyamwezi walishuka pwani kwa hiari zao na kwa ujira, pembe mabegani. Walipatana posho na nguo, waligoma waliponyimwa haki yao, na walimwacha njiani bwana wa msafara aliyewadhulumu. Wakarudi kwao na nyimbo, kanzu na maneno. Mtu akitaka kumshukuru mmoja kwa safari ya Kiswahili, na amshukuru huyu, ambaye alibeba ratili nyingi na hakupata kutajwa katika vitabu ila kwa idadi.

Lakini ukweli una upande wa pili, na nisipousema nitakuwa mwalimu wa nusu. Kiunguja cha mjini, ambacho mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kilikuwa lugha ya mji uliojaa watu walioletwa kwa nguvu. Walikutana hawana lugha moja, wakajifunza ya mji, wakaifanya yao. Hiyo ni kazi ya watumwa, na watu huiandika katika hesabu ya utumwa, kama vile mali ya maskini iandikwavyo kwa jina la tajiri aliyemnyang'anya. Utumwa wenyewe ulitaka mtu afahamu amri. Kwa amri maneno hamsini yanatosha. Hadithi za usiku, vitendawili, mafumbo ya ngomani, matani, maneno ya kumbembeleza mtoto alale, hakuna bwana aliyeyaagiza.

Mchango ambao ni wa utumwa kweli kweli upo pia, na haukufichwa. Umo katika kamusi. Neno mjinga, ambalo leo huvurumishwa kwa mtoto aliyekosea hesabu, lilitumika zamani hasa kwa mtumwa mgeni aliyefika pwani karibuni, asiyejua lugha wala desturi. Bibi wa bibi yangu alikuwa mjinga kwa maana hiyo kamili. Mzalia alikuwa yule aliyezaliwa nyumbani kwa bwana, na mwungwana aliyezaliwa huru. Uungwana tumeufanya jina la tabia njema, tukasahau kwamba zamani tabia njema ilihesabiwa kuwa haiwezi kupatikana kwa aliyenunuliwa. Kibarua lilitoka katika kijibarua, cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku. Na katika mji wa Unguja wa karne ya 19 wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa, wakipeleka sehemu ya ujira kwa bwana jioni. Huo ndio urithi ambao lugha isingaliupata bila ya utumwa. Sioni mtu akijitokeza kuushukuru.

Niingie sasa katika mali, ambako hoja ya kiboko hudhaniwa kuwa na nguvu zaidi. Nachukua pamba, maana pamba ilijaribiwa kwa njia mbili katika nchi moja. Tangu mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, vijiji vya sehemu za Dar es Salaam na kusini vilitakiwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja, yakisimamiwa na majumbe na maakida. Watu walilima shamba la serikali wakati nguruwe wakila ya kwao. Mchelewaji alipata hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, hesabu ambayo wazee wa pwani waliitaja hivyo kwa Kiarabu chao kana kwamba ni jina la ugonjwa. Mwezi wa Julai 1905, kijijini Nandete katika Umatumbi, mashina ya pamba yaling'olewa kutangaza vita. Kinjekitile wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata, lakini maji yake yalikwisha tangulia mbele ya kamba. Wajerumani, walipoona kwamba risasi hazimalizi kazi, walichoma vyakula na kuharibu mashamba. Afisa mmoja wao aliandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ya waliokufa ilikuwa 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Pamba ya Umatumbi haikumtajirisha mtu.

Zao lilo hilo lilistawi Usukuma. Huko wakulima walikuwa na ugomvi na wanunuzi juu ya mizani iliyoiba. Wakajifanyia vyama, wakaweka watu wao wa kupima, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Victoria, moja ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Serikali ya Kiingereza haikukosa kuwasumbua kwa sheria zake za kilimo, na sheria hizo zilichukiwa. Pamba haikuchukiwa. Bei ilipokuwa na maana na mizani ilipokuwa ya haki, watu walilima bila ya kusimamiwa na mtu aliyeshika ngozi ya kiboko. Kwa Wahaya wa Bukoba habari ni fupi zaidi: kahawa walikuwa nayo kabla Mjerumani hajaliona ziwa lao.

Karafuu nazo zinatoa ushahidi. Ilihofiwa kwamba watumwa wakiachwa huru karafuu zitaozea mitini. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Fidia walilipwa mabwana, watumwa hawakulipwa kitu. Karafuu hazikuoza. Zilichumwa na watu waliolipwa kwa pishi, na Zanzibar iliendelea kwa miongo mingi kuwa muuzaji mkuu wa karafuu duniani. Kule Tanganyika Wajerumani, waliojisifu kwamba walikuja kuukomesha utumwa, hawakuufuta. Walitoa amri kwamba watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 ndio watakaokuwa huru, wakaondoka, na kazi ikamalizwa na Waingereza mwaka 1922. Hayo nayataja kwa sababu wapo wanaosema kwamba angalau ukoloni ulituondolea utumwa. Ulikawia sana njiani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ipatayo 1,000 kutoka Florida, ikapitishwa Hamburg, na miche 62 tu ikafika nchini ikiwa hai. Kutoka katika miche hiyo 62 ilitoka mali iliyoongoza biashara ya nchi hii kwa muda mrefu, hata baada ya uhuru. Hakuna mtu aliyehitaji kupigwa ili mkonge uote. Mkonge huota juani bila ya kuombwa. Kodi ya nyumba ya rupia 3, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, na kipande kilichokuja baadaye, na wale vijana waliosombwa kutoka mbali wakapewa nambari badala ya majina, wakaitwa manamba, hayo yote yalikuwa na kazi nyingine. Kazi yake ilikuwa kushusha ujira. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo siri ya hoja ilipo. Nguvu hazikuzaa mali. Zilipanga mali iende kwa nani, na kwa bei gani. Anayesema kwamba kiboko kilihitajiwa kwa maendeleo husema kweli nusu, akiliacha jina la mwenye maendeleo. Eric Williams alikwisha kuonyesha mwaka 1944 jinsi faida za utumwa wa Karibi zilivyoingia katika utajiri wa Uingereza, na Walter Rodney, aliyesomesha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1972 upande wetu wa daftari hiyo. Sina haja ya kuwarudia.

Reli? Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, mwaka ule ule wa vita, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ilifuata kwa sehemu kubwa njia ambayo nyayo za wapagazi zilikuwa zimekwisha kuichora. Sisemi kwamba ingalijengwa mwaka huo bila ya Wajerumani. Nasema kwamba chuma hakiulizi ni nani aliyepigwa. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ilijengwa reli ndefu kuliko ile, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi katika Zambia, kwa mkopo wa China usiokuwa na riba. Nayo inapita Kilombero, katika nchi ya Wapogoro na Wambunga, ambao baba zao walikunywa maji ya Kinjekitile. Haikuhitaji hamsa ishirini.

Kama kweli mateso yangalikuwa mbegu ya ustawi, ingalitosha kufungua ramani na kutafuta mahali yalipopandwa kwa wingi. Kusini kulipandwa mara mbili, kwanza misafara ya Kilwa iliyozoa watu, kisha vita na njaa ya 1905 hadi 1907. Kwa kanuni ya hoja, Kilwa na Liwale zingalipaswa kuwa miji ya fahari kuliko yote nchini. Yaliyotokea ni haya. Nchi ya Wangindo iliachwa wazi. Msitu ukarudi, mbung'o wakarudi na ndovu, na katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ikawahamisha wengi wa waliosalia. Pahali pao pakawa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa imekuwa tangu mwaka 2019 Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nchi hiyo husifiwa kwa kuwa haikuguswa na mkono wa mtu. Iliguswa. Reli iliyojengwa kule, kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga uliokufa mwaka 1951, iling'olewa mapema katika miaka ya 1960. Daraja la kuuvuka Mto Rufiji kwa barabara ya kusini lilifunguliwa mwaka 2003. Mama yangu alisafiri njia ile utoto wake wote na uzima wake mwingi kwa kungoja pantoni.

Sasa nageukia upande wetu, maana ingekuwa raha rahisi kuishia kwa wageni. Hoja ya kiboko ina ndugu mpole, na huyo tunamkaribisha kila sherehe. Husema kwamba mashujaa wa Maji Maji walimwaga damu ili sisi tuwe taifa. Kwamba mti wa uhuru ulinyweshwa na damu ile. Najua maneno haya husemwa kwa mapenzi. Mwalimu Nyerere aliikumbusha Umoja wa Mataifa vita ile mwaka 1956, naye alifanya haki kuikumbusha. Lakini tukisema kwamba ilipasa wafe ili sisi tupate bendera, tumewafanya kuwa ujira wa kitu ambacho hawakukiuza. Waliokufa kwa njaa Ungoni mwaka 1907 hawakuwa wakitafuta bendera. Walikuwa wakitafuta mizizi ya kuchimba. Uhuru ulipatikana mwaka 1961 kwa mikutano, kadi, hotuba na kura, yaani kwa watu kuzungumza, na walizungumza kwa Kiswahili.

Tena ndugu huyu si mpole siku zote. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, palikuwa na watu walioondolewa katika nyumba zao kwa nguvu, na nyumba nyingine zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Waliotoa amri hawakuwa Wajerumani. Walisema kwamba ni kwa maendeleo, na bila shaka wengi wao waliamini. Hii ndiyo sababu sikumjibu mwanafunzi yule kwa mzaha. Hoja ikikubaliwa kwa ajili ya wafu, haikai makaburini. Siku moja afisa huichukua, huitia mfukoni, na huenda nayo kijijini kwa walio hai. Mtu aliyefundishwa kwamba bibi yake aliuzwa kwa faida ya taifa atakuwa na jibu gani siku atakapoambiwa kwamba shamba lake linahitajiwa kwa faida hiyo hiyo?

Huko Songea, mwezi wa Februari mwaka 1906, makumi ya viongozi wa Wangoni walinyongwa, na kila mwaka mwezi huo watu hukusanyika kuwakumbuka. Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, alinyongwa siku chache baada ya wenzake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Maji Maji akaomba msamaha. Alikutana na jamaa wa Songea Mbano. Jambo ambalo jamaa hao wamekuwa wakiliulizia ni kichwa cha mzee wao, ambacho inasadikiwa kwamba kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Aliwaahidi kwamba kitatafutwa, na akawaonya kwamba huenda kisipatikane.